Gemu la Windows, kompyuta ya Apple: Mzazi apime kwanza, alipe baadaye

SHULE zikifungwa, maombi hufuatana. Mdogo anataka baiskeli, mkubwa anataka gemu. Na gemu lenyewe si lile la kucheza kwenye simu wakati wa kusubiri daladala. Ni gemu la mikakati, ambalo mchezaji hujenga mji, huchimba dhahabu, hulima, hufuga, huandaa jeshi, kisha hupanga vita hatua kwa hatua.

Mzazi akiangalia haoni ubaya. Ndani yake kuna historia, kuna hesabu, kuna kufikiri. Anatoa ruhusa. Nusu saa baadaye mtoto anarudi uso umemshuka: kompyuta ya nyumbani ni ya Apple, na gemu limeandikwa kuwa ni la Windows tu.

Hapo ndipo familia nyingi huteleza. Baadhi humwacha mtoto ajitafutie njia mtandaoni. Wengine hulipia programu ambayo kompyuta yao haiwezi kuibeba. Wapo pia wanaomwita fundi, naye anafuta kila kitu na picha za familia zinapotea.

Kumbe njia halali zipo, tena zaidi ya moja. Ila kila njia ina masharti yake, na sharti la kwanza ni lile lile la hospitali: vipimo kwanza, dawa baadaye.

Kwa nini gemu linagoma

Kompyuta za Apple, maarufu kama Mac, zinatumia mfumo wake unaoitwa macOS. Kompyuta nyingine nyingi zinatumia Windows ya kampuni ya Microsoft. Gemu lililoandikwa kwa ajili ya Windows likiwekwa kwenye Mac ni sawa na mgeni aliyefika kijijini bila kujua lugha ya wenyeji. Anaongea, lakini hakuna anayemwelewa.

Mfano mzuri ni Age of Empires II. Gemu hili lilitoka mwaka 1999 na likatengenezwa upya mwaka 2019 kwa jina la Definitive Edition. Vijana wengi wa Afrika wanalipenda, na sababu ipo: nyongeza yake ya mwaka 2015 iliingiza Waethiopia, watu wa Mali na Waberberi. Lakini toleo hilo jipya halina nakala ya Mac. Ndivyo ilivyo pia kwa Age of Empires IV, lililotoka mwaka 2021.

Kipimo cha kwanza: Mac ya aina gani?

Hiki ndicho kipimo ambacho watu wengi hukiruka. Mzazi abonyeze alama ya tufaha iliyo juu kushoto kwenye skrini, kisha achague palipoandikwa "About This Mac". Kidirisha kitakachofunguka kitaonyesha aina ya chipu, yaani moyo wa kompyuta.

Kama kuna neno Intel, hiyo ni Mac ya kizazi cha zamani. Kama kuna M1, M2, M3 au M4, hiyo ni Mac yenye chipu ya Apple yenyewe. Kompyuta za aina hii zilianza kuuzwa Novemba 2020. Kwa hiyo karibu kila Mac iliyotengenezwa katika miaka ya kabla ya hapo, zikiwamo zinazouzwa madukani kama mitumba, ni ya Intel.

Pale pale mzazi aangalie ukubwa wa kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM. GB 8 ni ya kubana, GB 16 inaleta nafuu. Kisha aangalie nafasi iliyobaki ya kuhifadhia vitu. Age of Empires IV peke yake linahitaji takriban GB 50. Kompyuta yenye nafasi ya GB 128 ambayo tayari imejaa picha na video za harusi haiwezi kulibeba.

Kipimo cha pili: Je, hakuna la Mac?

Kabla ya kuhangaika, mzazi amuulize mtoto: unataka gemu hili hili, au unataka gemu la aina hii?

Kama jibu ni la pili, kazi imekwisha. Magemu mengi mazuri ya mikakati yana nakala halisi ya Mac. Yapo Civilization VI na Civilization VII, Crusader Kings III, Stellaris na Total War: Three Kingdoms. Kwenye duka la Steam, ukurasa wa kila gemu huonyesha mifumo linayokubali. Ikiwapo alama ya tufaha, nakala ya Mac ipo.

Ya bure kihalali nayo hayakosekani. StarCraft II ya kampuni ya Blizzard inachezwa bila malipo tangu mwaka 2017, ingawa baadhi ya sehemu zake hulipiwa. Lipo pia 0 A.D., linalotengenezwa na watu wanaojitolea. Uchezaji wake unafanana sana na Age of Empires, halina malipo yoyote, na miongoni mwa falme zake kuna ufalme wa Kush uliokuwa katika eneo ambalo leo ni Sudan. Mtoto aliyesoma habari za Kush darasani anaweza kuujenga kwa mkono wake mwenyewe.

Tahadhari ni moja. Magemu ya zamani sana ya Mac yanaweza yasifunguke, kwa sababu tangu toleo la macOS la mwaka 2019 Apple iliacha kuzikubali programu za mfumo wa zamani wa biti 32. Steam huandika onyo hilo kwenye ukurasa wa gemu.

Na kama mtoto anasisitiza kuwa ni hili hili, kwa kuwa ndilo wenzake wanalocheza, basi njia zinazobaki ni nne.

Njia ya kwanza: Kuweka Windows kwenye Mac ya Intel

Kwa Mac za Intel, Apple iliweka programu inayoitwa Boot Camp. Inaigawa kompyuta sehemu mbili, moja ya macOS na nyingine ya Windows. Mtu akiwasha kompyuta anachagua aingie upande upi.

Uzuri wake ni kwamba gemu linapata nguvu yote ya kompyuta. Ubaya wake ni wakati. Boot Camp inakubali Windows 10, na Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuilinda Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hiyo inaweza kuchezea gemu, lakini upande huo wa Windows si mahali pa kufungulia benki wala barua pepe.

Mambo mawili zaidi. Kabla ya kugawa kompyuta, nakala ya picha na nyaraka zote ihifadhiwe kwenye diski ya nje. Na mzazi anayetumia Screen Time ya Apple kuweka kikomo cha muda ajue kwamba kikomo hicho hakivuki kwenda upande wa Windows. Huko mtoto anaweza kucheza mpaka alfajiri bila kengele kulia.

Kwenye Mac zenye chipu za M, Boot Camp haipo. Fundi anayeahidi kuiweka hajui anachokisema, au anajua na anataka hela.

Njia ya pili: Mkalimani

Njia hii hutumia programu inayokaa katikati ya gemu na Mac, kama mkalimani kati ya mgeni na wenyeji. Gemu linazungumza Kiwindows, programu inatafsiri papo hapo. Windows yenyewe haihitajiki, kwa hiyo hakuna leseni yake ya kununua.

Mzizi wa njia hii ni mradi unaoitwa Wine, ulioanza mwaka 1993 na ambao ni wa bure. Kuutumia moja kwa moja kunahitaji mtu mwenye ujuzi. Kwa familia, iliyo rahisi zaidi ni CrossOver ya kampuni ya CodeWeavers, iliyojengwa juu ya Wine. Inafanya kazi kwenye Mac za Intel na za M, inalipiwa, na ina majaribio ya bure ya siku 14.

Bei ya CrossOver inaweza kuzidi bei ya gemu lenyewe. Kwa hiyo hakuna sababu ya kulipa kabla ya kujaribu. CodeWeavers wana orodha ya magemu yenye nyota, kutoka moja hadi tano, zinazoonyesha kila gemu linavyokwenda kwenye Mac. Mzazi aanzie hapo.

Mtoto anaweza kuja na jina la Whisky, programu ya bure ya aina hii iliyokuwa maarufu. Video nyingi za zamani bado zinaisifu, lakini mtengenezaji wake aliacha kuiendeleza mwaka 2025. Si ya kuanza nayo leo.

Udhaifu wa mkalimani ni kwamba baadhi ya magemu ya kucheza na watu mtandaoni yana walinzi wa kukamata wadanganyifu. Walinzi hao wakiona mkalimani hulizuia gemu. Kama lengo la mtoto ni kucheza na binamu aliye Mwanza au Nairobi, hilo lijaribiwe katika zile siku 14, si baada ya kulipa.

Njia ya tatu: Kompyuta ndani ya kompyuta

Programu ya Parallels Desktop hutengeneza kompyuta ya Windows inayoishi ndani ya Mac. Inafunguka kama dirisha la kawaida. Kwa Mac za M, Microsoft iliidhinisha rasmi mwaka 2023 matumizi ya Windows 11 kwa njia hii.

Ni rahisi kuiweka, na mzazi mwenye programu ya ofisi inayotaka Windows anaweza kufaidika nayo pia. Lakini kompyuta mbili zinagawana mwili mmoja. Mac yenye RAM ya GB 8 italemewa. Zaidi ya hayo, programu hii haifiki kwenye DirectX 12, teknolojia ya picha inayohitajika na baadhi ya magemu mapya. Magemu ya zamani hupita, mapya mazito hukwama.

Gharama nayo ni mbili: Parallels yenyewe, na leseni ya Windows. Kwa ajili ya gemu peke yake, ni mzigo. Hapa pia kuna majaribio ya siku 14.

Njia ya nne: Gemu la mbali

Huduma kama GeForce NOW ya kampuni ya Nvidia huendesha gemu kwenye mitambo yao, na mtoto hupokea picha kama anavyotazama video. Mac haifanyi kazi kubwa, kwa hiyo hata ya zamani inaweza kufaa. Magemu mengi bado lazima mchezaji awe ameyanunua, na ipo ngazi ya bure yenye vipindi vya saa moja.

Kinachoumiza ni intaneti. Nvidia wanataka kasi isiyopungua megabiti 15 kwa sekunde kwa picha ya kawaida, na 25 kwa picha nzuri. Kasi ya 15 ikitumika yote kwa saa moja ni karibu GB 7. Kasi ya 25 ni GB 11 na zaidi. Mtoto anayecheza saa mbili kila siku kwa bando la simu atalimaliza kabla mama hajarudi kutoka sokoni. Njia hii ni ya nyumba yenye intaneti ya waya isiyo na kikomo.

Huduma hizi pia hazipatikani rasmi katika kila nchi. Mzazi ahakikishe nchi yake imo kwenye orodha kabla ya kutoa kadi ya benki.

Jambo moja la pembeni: mtoto akisema Age of Empires ipo kwenye simu, anakusudia Age of Empires Mobile ya mwaka 2024. Hilo ni gemu tofauti, lenye vishawishi vya kununua vitu kila mara. Jina ni lile, tabia si ile.

Njia ambayo si njia

Sasa lile linalopaswa kumnyima mzazi usingizi. Mtoto aliyekataliwa hela hutafuta mtandaoni "gemu fulani la Mac bure". Hupata. Ukurasa unapendeza, kitufe cha kupakua ni kikubwa, na faili linakuja kwa dakika chache ingawa gemu halisi ni GB 50. Hicho peke yake ni dalili.

Watu wengi wanaamini Mac haipati virusi. Si kweli. Mwaka 2023 wataalamu wa usalama walibaini programu ya wizi inayoitwa Atomic, iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya Mac. Husambazwa kwa kujifanya programu au gemu la bure. Mtu akiifungua, huonyesha kidirisha cha kuomba neno la siri la kompyuta. Akiliandika, huzoa maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, taarifa za kadi na mafaili, na kuyatuma kwa wezi.

Mtoto hajui hayo. Anaita kutoka chumbani, "Mama, inaomba neno la siri." Mama yuko jikoni, mikono ina unga, anataja herufi moja moja kwa sauti. Kazi imekwisha.

Dalili za kumfundisha mtoto ni tatu. Ya kwanza, maelekezo yanayosema azime ulinzi wa kompyuta au alazimishe faili lifunguke baada ya Mac kulikataa. Ya pili, maelekezo ya kunakili maandishi na kuyabandika kwenye programu inayoitwa Terminal. Ya tatu, kuombwa neno la siri na kitu ambacho hakikutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji au duka linalojulikana. Akiona moja kati ya hizo, asimame na kuita mkubwa, na asigombezwe kwa kuita.

Kama limeshatokea, intaneti ikatwe kwenye kompyuta hiyo mara moja. Kisha maneno ya siri ya barua pepe na benki yabadilishwe kwa kutumia simu, si kompyuta ile. Benki ipigiwe. Kompyuta ifutwe na mfumo uwekwe upya kabla ya kutumika tena.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Mtoto afunguliwe akaunti yake kwenye Mac, isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Na malipo ya gemu yafanywe kwa kadi ya mtandaoni yenye kiasi kinachotosha gemu hilo tu, si kadi ya mshahara.

Kununua bila kujuta

Steam hurudisha fedha ikiwa ombi litafanywa ndani ya siku 14 tangu kununua na gemu halijachezwa zaidi ya saa mbili. Familia ikishapata majaribio ya CrossOver, inaweza kununua gemu, kulijaribu kwa saa moja, na kuomba fedha irudi likigoma. Bando lililotumika kulipakua halirudi, kwa hiyo lipakuliwe penye intaneti ya bei nafuu.

Gemu likishawaka

Kazi ya mzazi haiishii kwenye kompyuta kuwaka. Magemu haya yana tabia yake. Hayaishi kwa dakika tano. Mechi moja ya Age of Empires inaweza kuchukua saa nzima, na ikiwa ni ya mtandaoni, mtoto akiondoka katikati anawaangusha wenzake. Ndiyo maana amri ya "zima sasa hivi" huzaa ugomvi.

Kipimo kinachofaa ni mechi. Mbili kwa siku ya likizo, moja kwa siku ya wikiendi shule zikiwa wazi, na hakuna mechi mpya inayoanza ikibaki chini ya saa moja na nusu kabla ya kulala. Kwa magemu ya zamu kama Civilization, ambayo yanaweza kuhifadhiwa wakati wowote, kikomo cha saa kinatosha.

Usingizi ndio mstari usiovukwa. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 9 hadi 12 kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 hadi 18. Mac isilale chumbani kwa mtoto.

Kwa macho, kila dakika 20 mtoto aangalie kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Kompyuta iwe mezani. Ikiwekwa juu ya godoro inazibwa matundu ya hewa na kupata joto, na shingo ya mtoto inapinda.

Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa wa uraibu wa magemu katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022. Dalili zake ni mtoto kushindwa kujizuia, gemu kutangulizwa mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata madhara yanapoonekana, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Mtoto anayelia siku moja kwa sababu kazimiwa kompyuta si mgonjwa. Anayeacha kula, kusoma na rafiki zake kwa miezi anahitaji kupelekwa kwa mtaalamu.

Na kuna dawa moja isiyouzwa dukani. Mzazi avute kiti, aulize ule mji umejengwa vipi na kwa nini jeshi limekwenda mashariki. Mtoto anayejua baba atakuja kuuliza habari za mji wake hana sababu ya kujificha nao usiku.